Jahazi la mapambo: Kibao kilicholazimishwa hufunguka ng'ambo ya mpaka

SANDUKU lilifunguliwa Arusha, siku ya pili baada ya kuvuka mpaka wa Holili. Ndani yake mlikuwa na majahazi 12 ya mapambo kutoka Lamu, kila moja na urefu wa sentimeta 60, yamezungushiwa magazeti makuukuu na vipande vya nguo. Mama aliyeyanunua alikuwa ameshaahidi kupeleka manne jioni ile ile katika duka linalouzia watalii.

Tisa yalitoka salama. Matatu yalikuwa yamefunguka ubavuni. Karibu na omo, yaani mbele ya chombo, vibao vya bodi vilikuwa vimeachana kiasi cha kupitisha ukucha. Katika jahazi moja, kibao kimoja kilikuwa kimeinua ukingo wake juu ya mwenzake, kama bati lililong'oka msumari.

Sanduku halikuwa na alama ya kugongwa wala ya kulowa. Mama huyo alipopiga simu Lamu, alipewa jibu ambalo kila mfanyabiashara wa mpakani analijua: barabara ni mbovu na wapakizi hawajali.

Mwezi uliofuata alirudi Lamu. Hakuanza na habari za mzigo mpya. Alifungua kikapu, akatoa moja ya majahazi yale matatu, akaliweka juu ya meza ya karakana.

"Fundi, naomba uniambie hili limevunjikia wapi," alisema.

Fundi aligeuza jahazi chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye ufa, akanyamaza kidogo. "Limevunjikia hapa hapa, mama. Barabara imelifungua tu."

Nyuma yake alisimama kijana mwanafunzi aliyebandika vibao vya majahazi hayo matatu. Yalikuwa ya kwanza maishani mwake.

Uzuri uliofunika kosa

Jahazi la mapambo lina sehemu zinazompa moyo anayeanza. Mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, hukatwa kwa kufuata kiolezo. Mataruma, mbavu zinazosimama juu ya mkuku, nayo hukatwa kwa violezo. Mlingoti, foromali na tanga hupendeza mara tu vinaposimamishwa.

Kazi inayomtoa jasho ni kuvisha mbavu hizo vibao mpaka zigeuke bodi. Kijana huyo alipewa fito za mwembe zenye upana wa milimita 6 na unene wa milimita 2. Akaanza juu, kwenye mstari wa sitaha, akashuka kuelekea mkuku. Vibao vinne vya kwanza vilikaa vizuri. Cha tano kilianza kubisha. Cha sita, kilipofika omoni, kilikataa kabisa kulala kando ya mwenzake. Kilitaka kupanda juu yake.

Akakikandamiza kwa kidole, akatia supaglu, akapigilia pini. Kikakaa. Akaendelea hivyo hivyo mpaka chini. Palipobaki mwanya alijaza vumbi la msumeno lililochanganywa na gundi, akapiga msasa, akapaka mafuta. Jahazi likang'aa. Fundi, ambaye siku hiyo alikuwa anakimbizana na oda, alilitazama kwa mbali, akalipitisha.

Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili. Kijana alilazimisha mbao, na fundi hakukagua. Aliyelipia yote mawili ni mama aliyekuwa na nauli ya kwenda na kurudi, ahadi dukani na wateja wasiosubiri.

Kwa nini ubao hukataa

Atakaye kuelewa kilichotokea achukue rula ya plastiki ya mtoto wa shule. Akiilaza na kuipinda kwa upande wa bapa, itapinda kama upinde. Akijaribu kuipinda kwa upande wa ukingo, itakataa, na akizidisha nguvu itajipindua au itavunjika. Ubao mwembamba una tabia hiyo hiyo.

Sasa atazame umbo la jahazi. Katikati ni pana na lina tumbo. Kuelekea omoni na kuelekea tezini, yaani nyuma, ubavu unapungua. Vibao ambavyo katikati vina nafasi ya kutosha hulazimika kubanana vinapofika mwisho. Kama vyote vina upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, kuna mahali ambapo lazima kimoja kikunjwe kwa ukingo ili kimpishe mwenzake. Hapo ndipo kinapoinuka.

Gundi inaweza kukishika kwa wiki, hata kwa mwezi. Lakini kibao kilichokunjwa kwa nguvu hakisahau. Kila hewa inapobadilika, kila gari linaporuka shimo, kinavuta kurudi kilipotoka. Siku gundi itakapochoka, kitafunguka, na mara nyingi siku hiyo mali huwa imeshavuka mpaka.

Hesabu kabla ya gundi

Dawa yake ni hesabu ya darasa la nne, nayo hufanywa kabla chupa ya gundi haijafunguliwa. Fundi alimkalisha kijana mbele ya mama yule yule, wakaanza upya kwa bodi ambayo bado ilikuwa mbavu tupu.

Kwanza walikata utepe mwembamba wa karatasi. Wakauzungusha juu ya taruma la katikati, kutoka mstari wa sitaha hadi kwenye mkuku, wakatia alama kwa penseli. Utepe uliponyooshwa juu ya rula ulisoma milimita 96. Kwa kuwa kila kibao kina upana wa milimita 6, upande mmoja utachukua vibao 16.

Kisha wakapima taruma la mbele kabisa kwa njia ile ile. Utepe ukasoma milimita 64. Vibao vinavyotakiwa kufika pale ni vilevile 16. Basi 64 kwa 16 ni 4. Maana yake kila kibao, ambacho katikati kina milimita 6, kinatakiwa kipunguzwe polepole mpaka kifike omoni na milimita 4. Tezini walipata milimita 80, yaani milimita 5 kwa kila kibao.

Kijana aliitazama ile karatasi, akaitazama jahazi iliyofunguka. Yeye alikuwa amepeleka vibao vya milimita 6 mahali penye nafasi ya milimita 4. Kwa vibao 16, alikuwa anasukuma milimita 96 za mbao ndani ya milimita 64.

Kupunguza kibao si kazi ngumu. Hubanwa kwenye jiliwa, hupitishwa randa ndogo ukingo mmoja kuanzia katikati hadi mwisho, na hupimwa tena. Fundi humtaka mwanafunzi atie alama za milimita kwenye kila taruma, kuanzia juu hadi chini, ili ajue kila kibao kitapita wapi. Alama hizo humwonya mapema. Baada ya kubandika vibao vinne, katikati panatakiwa pabaki milimita 72 na omoni milimita 48. Rula ikisoma vingine, hurekebisha pale pale, kwa kibao kinachofuata. Hangoji afike cha 16.

Kuna mpaka mmoja ambao mafundi wengi hawauvuki. Kibao hakipunguzwi chini ya nusu ya upana wake. Kama hesabu ya omoni ingetoa milimita 2 na nusu badala ya 4, kibao kingekuwa chembamba mno kushika pini na kingepasuka. Hapo idadi ya vibao hupunguzwa: viwili hukomea juu ya taruma kabla ya kufika mwisho, na mahali pake huendelea kimoja kipana. Tezini mambo huweza kuwa kinyume. Ubavu ukipanuka kuliko katikati, kibao kifupi chenye ncha huchomekwa kati ya viwili virefu kujaza nafasi. Hiyo si kiraka wala aibu, kwani hata vyombo vikubwa vya baharini hufanyiwa hivyo.

Mataruma nayo yana ukingo

Kosa la pili la wanaoanza haliko kwenye vibao. Liko chini yake. Taruma linapokatwa kwenye ubao huwa na ukingo wa mraba. Lakini kibao kinachoelekea omoni kinapita juu yake kwa mshazari, hivyo hugusa kona moja tu. Gundi hupata mahali padogo kama ncha ya kisu.

Ndiyo maana kabla ya kubandika chochote, mataruma ya mbele na ya nyuma hukatwa hanamu. Mwanafunzi hugundisha msasa kwenye kijiti kirefu na kukipitisha juu ya mataruma matatu au manne kwa pamoja, mpaka ufito wa majaribio ulale juu ya yote bila kuacha mwanya. Mkuku na mti wa omo nao huchongwa mfuo, ili ncha za vibao ziingie ndani na zisikae juu juu.

Kazi hii huchukua muda na haionekani jahazi likimalizika. Kwa sababu hiyo wengi huiruka. Ila mnunuzi anaweza kuijua kwa kidole: akipapasa ubavu na kuhisi vishimo na vinundu kama mbavu za mbwa mwenye njaa, mataruma hayakusawazishwa.

Kushoto, kisha kulia

Jahazi la pili kati ya yale matatu lilikuwa na ugonjwa wa ziada. Likiwekwa mezani lilisimama, lakini likitazamwa kutoka tezini, mkuku wake ulikuwa umepinda kama ndizi.

Sababu ni kwamba kijana alimaliza upande wa kushoto wote ndipo akahamia kulia. Kila kibao kinachopindwa huvuta. Vibao 16 vya upande mmoja vikivuta pamoja, mkuku mwembamba hauna ubavu wa kushindana navyo. Ukishapinda, upande wa pili haunyooshi tena.

Kanuni ni kibao kimoja kushoto, kimoja kulia, na kila jozi ishuke pamoja hadi chini. Mkuku nao hubanwa kwenye kipande cha ubao mnene ulionyooka na haufunguliwi mpaka angalau nusu ya vibao vya pande zote viwe vimekauka.

Samaki mkunje angali mbichi

Fito za mwembe zenye milimita 2 hazipindi omoni zikiwa kavu. Hulowekwa kwenye maji, nusu saa au zaidi kulingana na mti wenyewe, kisha hupindwa taratibu juu ya kitu cha moto, kama kopo au bomba la chuma lililopashwa. Mvuke hulegeza mti. Wapwani husema samaki mkunje angali mbichi, na fundi hurudia msemo huo kila mwanafunzi anapochukua ufito mkavu na kuanza kuukunja.

Hapo ndipo kijana alipojikwaa mara ya tatu. Alijua kuloweka. Hakujua kusubiri. Alikitoa kibao majini, akakipinda, akakitia gundi saa ile ile. Mbao zilizonyonya maji huvimba, na zikikauka hurudi nyuma. Kibao kilichobandikwa kikiwa kimevimba kitapungua kikiwa kimeshafungwa, na mwanya utatokea kati yake na jirani yake.

Njia salama ni kukibana kibao kibichi juu ya mataruma kwa vibanio vya nguo, bila gundi, na kukiacha hadi kesho yake. Asubuhi kitatoka na umbo lake. Ndipo ukingo wake hukatwa hanamu kidogo ili ukutane vizuri na ukingo wa jirani, gundi nyeupe ya mbao hupakwa kwenye mataruma na ukingoni, na kibao hurudishwa mahali pake. Hakuna kusukumana, kwa kuwa kinakaa chenyewe.

Kwa mwendo huo, fundi mmoja huweza kubandika jozi moja au mbili tu kwa siku kwenye jahazi moja. Ndiyo maana mwenye karakana hafanyi jahazi moja moja. Huwa na manne au matano mezani, na wakati vibao vya moja vinakauka, anahamia jingine.

Fundi wa chombo kikubwa huanza kinyume

Mtu anayetembelea ujenzi wa majahazi ya kweli, kama yale yanayoundwa Matondoni katika kisiwa cha Lamu au Nungwi huko Unguja, anaweza kushangaa. Kwa desturi ya pwani, mbao za chini hutangulia kupanda kutoka kwenye mkuku, na mataruma huingizwa ndani baadaye kufuata umbo ambalo mbao zimeshalitoa. Umbo la chombo liko kwenye jicho la fundi, halimo kwenye mchoro.

Mtepe, chombo cha kale cha mwambao huu, ulikuwa hivyo pia. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari. Chombo cha mfano wake cha ukubwa kamili kilijengwa mwaka 2003 ndani ya Beit al Ajaib, Zanzibar.

Anayeanza hana jicho hilo. Kwake mataruma hutangulia ili yamwambie ubao upite wapi. Lakini pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: fundi wa jahazi kubwa hapigilii ubao kabla hajauchonga ukafuata jirani yake. Baharini adhabu ya kulazimisha ubao ni maji ndani ya ngama. Dukani adhabu yake ni mteja kuliacha jahazi na kuchukua kinyago.

Wapo waliokwisha kuona faida ya uangalifu huo. Kisiwa cha Mauritius, ambacho kimo katika soko la COMESA pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, kimejijengea jina kwa karakana zinazotengeneza mifano ya meli za mbao na kuiuza kwa wageni na nje ya nchi. Karakana hizo hufuata michoro ya meli za kale, na kinachotofautisha bei ya moja na nyingine ni pamoja na namna vibao vilivyopangwa.

Hewa nayo huvuka mpaka

Fundi alikuwa na sababu ya kusema barabara imelifungua jahazi tu. Lamu ni kisiwa, na hewa yake ina unyevu wa bahari mchana na usiku. Mzigo unapotoka huko husafiri kwa mashua hadi Mokowe, kwa basi hadi Mombasa, kisha hupanda kupitia Voi na Taveta, ukavuka Holili na kupitia Moshi hadi Arusha, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko, hasa miezi isiyo ya mvua, ni kavu kuliko ya Lamu.

Ubao ukitoka kwenye hewa ya unyevu kwenda kwenye hewa kavu hutoa maji na kupungua. Haupungui kwa urefu kiasi cha kuonekana. Hupungua kwa upana. Tuseme kila kibao kinapoteza sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Kwa vibao 16, ubavu mzima umepoteza milimita 1.6. Jahazi ambalo vibao vyake vimekaa kwa amani hugawana upungufu huo, na jicho halioni kitu. Jahazi lenye vibao viwili vilivyolazimishwa huutupa upungufu wote pale pale penye udhaifu.

Kinga yake ni kukausha mbao kabla ya kuzitumia. Fito zilizopasuliwa hupangwa kivulini, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti ili hewa ipite. Baadhi ya mafundi huchukua fungu moja na kulipima kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku chache. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukisimama, mbao ziko tayari. Mizani hiyo ni bei nafuu kuliko jahazi moja lililorudishwa.

Mnunuzi aangalie wapi

Mfanyabiashara hana haja ya kujua kutumia randa. Ana haja ya kujua pa kutazama, na dakika tano kwa kila jahazi zinatosha.

Aligeuze chini juu na kulitazama kutoka tezini kwa jicho moja. Mkuku uwe mstari mnyoofu. Kisha ahesabu vibao upande wa kushoto na wa kulia. Idadi ikitofautiana, hapakuwa na hesabu.

Aende omoni. Vibao vilivyopunguzwa vizuri huonekana vikisinyaa pamoja, kama vidole vinavyokutana. Kama vina upana uleule mpaka mwisho na vya chini vimekatwa ovyo, ajue vililazimishwa. Apapase kwa ncha za vidole: ukingo ulioinuka huhisiwa hata pale ambapo mafuta yameuficha.

Alishike kwenye mwanga wa jua na kutafuta mistari minene ya rangi tofauti na mti. Hiyo ni mijazo ya vumbi na gundi. Kidogo hakina neno, kwani hakuna fundi asiyejaza mahali. Mstari mrefu kutoka omoni hadi katikati ni ufa unaosubiri safari. Atazame pia vitundu vidogo vyenye unga mweupe chini yake. Hao ni wadudu wa mbao, na wakiingia dukani hawatakula jahazi hilo peke yake.

Mwisho aulize mbao zilikatwa lini na zilikaushwa wapi. Fundi aliyezikausha atajibu mara moja.

Hesabu ya mfukoni na ya forodhani

Tuseme mfanyabiashara amenunua majahazi 12 kwa shilingi 6,000 za Kenya kila moja. Ametoa shilingi 72,000. Matatu yakiharibika, fedha hizo zimebeba majahazi tisa, na kila moja sasa limemgharimu shilingi 8,000 kabla ya nauli. Kama alipanga kupata faida ya shilingi 2,000 kwa jahazi, faida hiyo imekwisha. Fundi ambaye angeomba shilingi 500 zaidi kwa kila jahazi ili apate muda wa kukausha na kupima angekuwa wa bei nafuu.

Mpakani, mzigo wa kiasi hicho uko chini ya dola 2,000 za Marekani, kiwango kinachotumika katika utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa huweza kupewa cheti rahisi cha uasilia na maofisa wa forodha pale pale mpakani, na zikasamehewa ushuru wa forodha. Msamaha huo haufuti kodi nyingine za ndani wala vibali vinavyohusu afya, ubora na misitu. Risiti ya karakana inayotaja idadi, bei na mahali jahazi lilipotengenezwa hurahisisha mazungumzo dirishani.

Mti uliotumika nao uandikwe kwa jina. Mwembe hauna shida. Lakini mpingo umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, tangu mwaka 2017. Mkutano wa nchi wanachama wa mkataba huo uliofanyika Panama mwaka 2022 uliongeza jamii za mninga, mkongo na mkangazi za Afrika. Masharti hutofautiana kati ya magogo, mbao na vitu vilivyokamilika, kwa hiyo anayetaka kubeba mali ya miti hiyo aulize idara ya misitu kabla ya kulipa fundi.

Jahazi la nne

Mama kutoka Arusha hakudai fedha zake. Alidai kazi. Walikubaliana kwamba majahazi matatu yatatengenezwa upya bila malipo, na kwamba mzigo ujao hautafungwa sandukuni kabla yeye mwenyewe hajaupitia mmoja mmoja. Fundi naye aliomba jambo moja: asipigiwe simu kila siku kuulizwa kama vimekauka.

Kijana alipewa bodi ile ya mbavu tupu, utepe wa karatasi, penseli na rula. Siku ya kwanza hakubandika kitu. Alikata mataruma hanamu na kutia alama. Siku ya pili alipunguza vibao viwili, akaviloweka, akavibana kwa vibanio vya nguo, akaenda zake nyumbani. Siku ya tatu vilikaa bila pini, kimoja kushoto, kimoja kulia.

Siku mama huyo alipoondoka kuelekea gatini, kijana alikuwa amemaliza jozi ya nne. Aliweka rula omoni mbele ya fundi. Ilisoma milimita 48 kamili.

"Nilete cha tano, Fundi?" aliuliza.

"Pima na upande wa pili kwanza," fundi akamjibu, akaendelea kupiga msasa.